Kwa nini utoto ulioumia unaendelea kututawala ukubwani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, mwanamke mwenye kazi nzuri, ndoa yenye amani na watoto wenye afya. Alinieleza kwamba baba yake, aliyekuwa akimpiga na kumdhalilisha kwa maneno tangu akiwa mdogo, amekwisha kufariki dunia, kwamba alimsamehe na kushiriki kumzika kwa heshima zote, na kwamba hakuna mtu yeyote katika maisha yake ya sasa anayemtendea ubaya. Hata hivyo, kila mwanamume anapopaza sauti karibu naye, hata kama anazungumza na mtu mwingine, mikono yake hutetemeka na maneno aliyokusudia kuyasema humtoka kichwani. Swali lake lilikuwa fupi: kwa nini jambo lililokwisha bado linamtesa?

Nilimjibu siku ileile kwa sentensi chache za kumtia moyo, lakini ninaamini anastahili jibu kamili kuliko hilo. Ninaamini pia kwamba wengi wenu mnaonisoma, mnaojitahidi kusoma, kupanda vyeo na kujenga familia zilizo bora kuliko zile mlizokulia, mna swali hilohilo mioyoni na hamjapata pa kuliuliza. Nitaanza na maisha yangu, kwa sababu ndiyo ninayoyajua vizuri zaidi.

Nilipelekwa kuishi kwa baba yangu mkubwa baada ya mama yangu kuugua kwa muda mrefu. Nilikuwa mdogo, na hakuna aliyeniambia ningekaa huko kwa muda gani wala kama mama angepona. Baba mkubwa hakuwa mlevi, na mbele ya watu alikuwa mcheshi na mkarimu. Tatizo ni kwamba hasira yake haikuwa na kanuni: kosa lililomchekesha leo lingeweza kuniletea kipigo kesho, na hata siku ambayo sikuwa nimefanya lolote ningeweza kuitwa katikati ya sebule nikaambiwa mbele ya wote kwamba mimi ni mzigo uliotupwa mlangoni kwake. Mtoto anayepigwa kwa kosa linalojulikana anaweza angalau kujifunza kuliepuka kosa hilo. Mimi sikuwa na la kuepuka, kwa hiyo nilijifunza kumsoma yeye. Nilijua maana ya namna alivyofunga geti, nilijua tofauti kati ya funguo zilizowekwa mezani na funguo zilizotupwa mezani, na kabla hajavuka kizingiti nilikuwa nimekwisha kujua kama usiku ule ungekuwa salama au la.

Jambo la pili nililojifunza ni kutohitaji kitu. Niliwahi kusema kwamba viatu vyangu vya shule vinanibana, nikajibiwa kwamba kula na kulala ninapata bure, sasa ninataka nini zaidi. Tangu siku hiyo nilivaa viatu vile hadi vidole vikatoka malengelenge, na nilipopata homa nilijifunika blanketi nikasema nina usingizi tu. Wageni waliokuja nyumbani hapo walinisifu kwa utulivu wangu. Walimwambia mke wa baba mkubwa kwamba ana bahati ya kupata mtoto asiyesumbua, na yeye alipokea pongezi hizo. Sifa ile iliniuma wakati ule na bado inaniuma ninapoiandika, kwa sababu watu wazima wengi walinitazama na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtoto wa umri ule yuko kimya namna ile.

Nitapita haraka katika miaka iliyofuata. Mama alipona, nilirudi kwake, nilisoma kwa bidii, nilifaulu, nikaajiriwa, nikaoa, na leo ninaongoza idara yenye watu wengi walionizidi umri. Ninajivunia hatua hizo, na sioni sababu ya kulificha hilo. Ila mwili wangu haukuwa na habari kwamba mambo yamebadilika. Ujumbe mfupi wa mkuu wangu wa kazi unaosema tu kwamba nifike ofisini kwake ulitosha kunitoa jasho na kulegeza magoti yangu, ingawa mkuu huyo hakuwahi kunikaripia. Mke wangu ndiye aliyeyaona mengine. Aliona kwamba kila niliporudi nyumbani nilichunguza uso wake kabla sijamsalimu, na kwamba alipokuwa amechoka tu na shughuli za siku, nilianza kumwomba radhi kwa jambo ambalo halikuwepo. Aliona pia kwamba nikiugua ninamficha. Siku moja aliniuliza kwa upole, «Mume wangu, ni nani aliyekufundisha kwamba kuugua ni kosa?» Sikuweza kumjibu, lakini swali hilo ndilo lililonipeleka kwa mwanasaikolojia.

Ndugu zangu niliowagusia habari hizo walinijibu kwa methali ile tunayoijua sote, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ninaiheshimu methali hiyo inapotumika kupatanisha watu wazima wawili waliokosana, ambao kila mmoja alikuwa na uwezo wa kujitetea na kuondoka. Kwa mtu aliyeumizwa akiwa mtoto haifai, kwa sababu kwake yaliyopita hayakupita: yaliingia katika ubongo na mwili wake wakati vyote viwili vilikuwa bado vinajengwa, na yaliyomo katika mwili hayagangwi kwa kuambiwa yasahauliwe.

Hebu tuangalie jinsi hilo linavyotokea. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutambua hatari, na kazi hiyo huifanya kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kutoa hoja, haijamaliza kufikiri. Sehemu hiyo ya mbele huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia umri wa miaka 25. Hatari inapotambuliwa, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na shughuli zisizo za lazima kwa wakati huo, kama vile umeng'enyaji wa chakula, hupunguzwa. Mfumo huo ni mzuri sana kwa hatari inayokuja na kuondoka. Kwa mtoto ambaye hatari yake inakaa naye chini ya paa moja, tena ni mtu yuleyule anayemtegemea kwa chakula na ulinzi, mfumo huo hauzimwi ipasavyo, na ubongo unaokua hujipanga kwa kudhani kwamba hivyo ndivyo ulimwengu ulivyo.

Niliposoma kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Seth Pollak na wenzake nilijiona mwenyewe ndani yake. Waliwaonyesha watoto picha za nyuso ambazo hisia zake zilijitokeza hatua kwa hatua, wakakuta kwamba watoto waliowahi kupigwa na walezi wao waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, wakiwa wameonyeshwa dalili chache zaidi. Kwa hiyo watoto hao hawakuwa na kasoro ya akili wala hawakuwa waoga kwa asili. Walikuwa wamebobea katika somo walilolazimishwa kulisoma. Mimi niliyejua maana ya sauti ya funguo nilikuwa mwanafunzi mzuri sana wa somo hilo, na ustadi huo hauondoki kwa sababu tu mwalimu hayupo tena. Ndiyo maana uso wa mke wangu aliyechoka niliusoma kama uso wa mtu aliyekasirika.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Matukio tunayoweza kuyasimulia, yenye mahali na wakati wake, huhifadhiwa kwa msaada wa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na watu wengi hawana kumbukumbu za namna hiyo kutoka miaka yao miwili au mitatu ya kwanza. Woga hauhitaji masimulizi. Mwili unaweza kujifunza kuogopa harufu, sauti au mkao wa mtu bila kubaki na picha yoyote ya tukio lenyewe, na hofu ya namna hiyo inapoamka haiji na taarifa kwamba ni ya zamani. Inakuja kana kwamba jambo linatendeka sasa hivi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wala hashtuki kwa sababu hajui kutofautisha nyoka na unyasi, bali kwa sababu mwili umekwisha kuruka kabla jicho halijamaliza kutazama. Dada yangu uliyeniandikia, kutetemeka kwako si dalili kwamba hujamsamehe baba yako. Kusamehe ni uamuzi wa sehemu ya ubongo inayofikiri, na mkono unaotetemeka haukungoja uamuzi huo.

Kuhusu ule utulivu uliosifiwa na wageni, kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mtafiti Mary Ainsworth, ambaye katika miaka ya 1950 aliwatazama akina mama na watoto wao wachanga nchini Uganda na baadaye akaendelea na kazi hiyo Baltimore, Marekani, alieleza jinsi watoto wanavyotofautiana mama anapoondoka kwa muda mfupi na kurudi. Wengi hulia, kisha hutulia wanapobebwa. Lakini wako wanaoendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea, na mama anaporudi humgeuzia uso. Mtu asiyejua angesema kwamba hao ndio wenye ujasiri. Watafiti waliokuja baadaye walipopima mapigo ya mioyo ya watoto hao walikuta kwamba yalikuwa yamepanda, hata kama nyuso zao zilionyesha utulivu. Walikuwa wamejifunza mapema kwamba kuonyesha haja hakuleti msaada. Mtoto huyo akikua huwa yule mfanyakazi asiyeomba msaada hata mzigo unapomzidi, yule mume anayeficha homa, yule mama anayesema «mimi niko sawa tu» huku hajalala. Ninyi wenye ndoto kubwa nisikilizeni vizuri hapa: mengi ya yale tunayopongezwa nayo kazini kama bidii na uvumilivu, kwa baadhi yetu, ni woga wa mtoto aliyekatazwa kuhitaji kitu.

Mafanikio yenyewe hayafuti jambo hili, na ushahidi upo. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti aliendesha kliniki ya kupunguza uzito huko San Diego, akashangaa kuona kwamba walioacha matibabu kwa wingi ni wale waliokuwa wakifanikiwa kupungua. Alipowahoji aligundua kwamba wengi wao walidhulumiwa kingono utotoni, na kwamba kwa baadhi yao unene ulikuwa ulinzi. Kile ambacho daktari alikiona kama tatizo kilikuwa kwa mgonjwa ni suluhisho la tatizo la zamani zaidi. Kutokana na hayo, yeye na mwenzake Robert Anda wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani waliwauliza zaidi ya watu 17,000, kati ya mwaka 1995 na 1997, kuhusu mateso ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kudhulumiwa kingono, kutelekezwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mgonjwa wa akili, na mengineyo. Wengi wa watu hao walikuwa na elimu nzuri na bima ya afya. Hata hivyo, takriban theluthi mbili walitaja angalau aina moja ya mateso, na makala yao ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1998, ilionyesha kwamba waliotaja aina nne au zaidi walikuwa na hatari iliyozidi mara 4 hadi 12 ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakutaja hata moja. Magonjwa ya moyo, saratani na ini yalihusishwa pia na mateso hayo. Hizi ni takwimu za kundi la watu na si utabiri wa maisha ya mtu mmoja, kwa hiyo asikae mtu akahesabu mateso yake na kujihukumu.

Sasa mtaniuliza tufanye nini. Jibu langu la kwanza ni kusema. Mtafute mtu mmoja anayeaminika, umwambie yaliyokupata, kwa maneno yako, hata kama yatatoka vipandevipande. Mtafiti Mary Main aliwahoji wazazi kuhusu utoto wao, na kilichoonekana kuhusiana zaidi na usalama wa watoto wao ni namna mzazi alivyoweza kuusimulia utoto huo kwa mtiririko unaoeleweka, bila kuupamba na bila kumezwa nao. Waliokuwa na utoto mgumu lakini wameutafakari na kuuelewa waliweza kulea watoto wenye imani nao. Kwa hiyo semeni. Kunyamaza kulitusaidia tulipokuwa wadogo na hatuna pa kwenda, lakini sasa tunapo pa kwenda.

Mtu wa kumwambia akiwa na taaluma, ni bora zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilipendekeza tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia zilizotokana na kiwewe, pamoja na ile inayotumia mwendo wa macho wakati mgonjwa anakumbuka tukio, kwa watu wazima wenye maradhi yatokanayo na kiwewe. Orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatambua rasmi hali inayotokana mara nyingi na mateso ya muda mrefu, ambayo huharibu uwezo wa mtu kutuliza hisia zake, humfanya ajione hana thamani na huvuruga mahusiano yake. Nilipoisoma orodha hiyo ya dalili nilijihisi nimeaminiwa. Na yeyote anayefikiria kujidhuru asingoje kumaliza kusoma makala hii; amwambie mtu leo na aende hospitali leo.

Jibu la pili ni kuufundisha mwili kwa vitendo, kwa sababu mwili ulijifunza kwa vitendo. Mwanasaikolojia wangu alinifundisha kwamba hofu inapoamka niweke nyayo sakafuni, nivute pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya nilivyoivuta, kisha nijiambie niko wapi, ni mwaka gani, na mtu aliye mbele yangu ni nani. Mwezi uliopita mkuu wangu wa kazi aliniita bila kunieleza sababu. Magoti yalilegea kama kawaida. Nilisimama kwenye korido, nikafanya nilivyofundishwa, nikaingia, nikaketi, na nilipoambiwa kwamba kuna kazi kubwa inayotakiwa kwa muda mfupi, nilisema kwamba ninahitaji wiki moja zaidi na msaidizi mmoja. Nilipewa vyote viwili bila mjadala. Kwa mwingine hilo ni jambo la kawaida, lakini kwangu mimi, ambaye sikuweza kuomba viatu, ni ushindi ninaouthamini kuliko cheo chenyewe, na sitamruhusu mtu anishushie thamani yake.

Jibu la tatu linarudi kwenye la kwanza: kuwa na mtu. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa waliokulia katika hatari nyingi, takriban theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na kujali wengine, na wengi wao walikuwa na uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja thabiti, awe mzazi, bibi, mwalimu au jirani. Wengine waliopotea njia katika ujana walijirekebisha baadaye kupitia ndoa tulivu, elimu, kazi au jumuiya ya imani. Mlango haukufungwa walipofikisha miaka kumi na minane. Kwa hiyo tafuteni watu wenu, na ninyi mlio salama muwe watu hao kwa wengine. Mtu akikufungulia moyo, msikilize hadi mwisho, usimkimbize kwenye msamaha, na usimwambie kwamba wengine waliteseka zaidi. Na anayekaa na mtoto asiye wake amweleze mtoto huyo kwa nini yuko pale na atakaa hadi lini, kwa kuwa kutojua kwenyewe ni mateso.

Baadhi yenu mmewahi kuniuliza kama ni lazima kumkabili aliyekuumiza. Baba mkubwa bado yu hai, ni mzee sasa, na ninachangia gharama za matibabu yake kwa sababu nimeamua hivyo na si kwa sababu ninamwogopa. Sijamuuliza chochote, na mwanasaikolojia wangu hajawahi kuniambia kwamba uponaji wangu unategemea kumuuliza. Anayeona kwamba anahitaji mazungumzo hayo azungumze kwanza na mshauri wake, aandike mapema atakayoyasema, aende na mtu anayemwamini, na ajiandae kusikia kwamba hakuna kilichotokea, maana wengi wa watu hao hukana.